Kabla fundi hajashusha injini ya gari lako la zamani, pima kwanza (uzi wa Arusha na Moshi)

#1 Kamshafti (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tuelewane mapema. Uzi huu ni wa Toyota za petroli za miaka ya tisini, zile zilizojaa mitaani kwetu: Corolla 110, Carina Ti, Noah za SR40, Mark II na Chaser za GX100, RAV4 za mwanzo. Mwenye BMW aanzishe wake, tutaenda kumsalimia huko.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Gari linafika gereji likiwa linamisi (silinda moja haifanyi kazi vizuri) au limepungua nguvu. Fundi anachomeka geji ya kompresheni (inapima silinda inavyokandamiza hewa), anasoma 150 na kitu, anatikisa kichwa. "Ringi zimekwisha, injini ishuke." Ringi ni zile pete za pistoni zinazoziba silinda. Mwenye gari anaenda kukopa kwenye kikundi. Kumbe kwa Arusha hiyo 150 na kitu ni injini yenye afya kabisa kwa umri wake.

Arusha mjini tupo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar au Tanga kwa kama asilimia 15. Injini haiwezi kukandamiza hewa ambayo haikuingia ndani. Kitabu cha Toyota cha 4A-FE, ndugu wa damu wa hiyo 5A-FE iliyomo kwenye Corolla na Carina zenu, kinasema injini nzuri isome psi 191 (psi ni kipimo cha presha), ikishuka chini ya 142 ni mgonjwa, na tofauti ya silinda moja na nyingine isizidi psi 14. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Kwa Arusha zizidishe kwa 0.85, unapata 162 kwa injini nzuri na 121 kama mwisho wa uvumilivu. Moshi mjini ni chini zaidi, mita 800 na ushee, tumia 0.91, utapata kama 174 na 129. Maana yake gari lile lile likitoka Arusha likapimwe Moshi litaongezeka psi kumi na zaidi bila mtu kugusa boliti. Wapo wanaodhani ni fundi wa Moshi ndiye hodari.

Kwa hiyo mtu akikusomea namba, kitu cha kwanza usiangalie ukubwa wake. Angalia kama silinda zinalingana. 152, 155, 150, 154 ni injini iliyozeeka kwa heshima. 155, 157, 110, 154 ni ugonjwa, na ugonjwa uko silinda ya tatu, hauko injini nzima.

Na kupima kwenyewe kuna adabu yake. Injini iwe imepata moto. Plagi zote nne zitoke, si moja moja. Fyuzi ya EFI itolewe ili isimwage petroli ndani, na moto wa koili ukatwe. Betri iwe na nguvu. Halafu mtu akae ndani akanyage pedali ya mafuta mpaka chini wakati stata inazunguka. Hapo pa pedali ndipo wengi wanapoharibu. Ukipima pedali ikiwa juu, mlango wa hewa umefungwa, silinda zote zitasoma chini na zote zitalingana, na utaambiwa injini imekufa. Silinda zote zikiwa chini kwa usawa, shuku vitu vitatu kabla ya ringi: betri imechoka, pedali haikukanyagwa, au taimingi belti imeruka jino.

Silinda moja ikiwa chini, mwaga kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, zungusha, pima tena. Namba ikipanda sana, ni ringi, kwa sababu oili imeziba pale ringi inapovujisha. Isipopanda, ni valvu (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi) au gasketi ya hedi (inayoziba kati ya hedi na bloku). Jaribio hili ni la kijiko cha oili tu, lakini ukilidai gereji wanakuangalia kana kwamba umewatukana.

Leteni magari yenu humu, tuyapime pamoja. Ila ukija andika aina ya gari, injini, linasumbua likiwa baridi au moto, mlimani au tambarare, na nini kimeshabadilishwa. "Gari yangu ina shida nisaidieni" sitajibu.

#2 chalii_wa_sakina

Shikamoo mzee. Mimi nina Corolla 110, injini 5A, gia za mkono. Inamisi, haikai sailensi (haitulii ikiwaka bila kukanyaga mafuta). Asubuhi ikiwa baridi iko poa kabisa, ikishapata moto ndio inaanza kutetemeka, nikisimama kwenye mataa kioo kinacheza. Nikiwa barabarani kwenye spidi haionekani sana. Nimeshabadilisha plagi, waya za plagi, filta ya petroli na kifuniko cha distribyuta. Nimenunua na kile kidude cha bluetooth cha kusoma kodi (namba za hitilafu), hakikubali kuunganisha. Nadhani kibovu.

#3 Injini_Used_Kaskazini

Uzi mrefu bure. 5A used zipo, zinakuja na geabox yake. Unashusha asubuhi jioni unaendesha. Habari za kuzidisha kwa 0.85 waachie walimu.

#4 Kamshafti

Marahaba kijana. Kidude chako si kibovu. Corolla nyingi za Japani za miaka ile haziongei lugha ya hivyo vidude vya bei rahisi. Marekani ndio walilazimisha magari yote mapya kuwa na mfumo mmoja kuanzia mwaka 1996, gari lako lilitengenezwa kwa soko la Japani.

Lakini kodi zinasomeka bila mashine. Fungua boneti, tafuta kiboksi cheusi cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSIS kwenye mfuniko. Ndani ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Chukua kipande cha waya, unganisha TE1 na E1, hayo tu, usikosee tundu. Washa swichi bila kupiga stata, kisha hesabu taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa haraka haraka bila kupumzika, kama mara mbili kwa sekunde, hakuna kodi. Ikipepesa mbili, ikapumzika, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. 31 ni sensa ya presha ya hewa. 41 ni sensa ya mlango wa hewa. 14 ni mawasiliano ya moto wa koili. Ukimaliza, toa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika kufuta, endesha, soma tena. Inayorudi ndiyo ya kweli.

Ambao gari lenu halina hicho kiboksi bali lina soketi pana chini ya usukani, mara nyingi ni tundu la 4 na la 13. Soketi iko nje nje, mkono ukitetemeka unaunguza kitu, mwachie fundi umeme.

Ila kwako wewe nina wasiwasi taa haitasema kitu. Nzuri ikiwa baridi, mbaya ikipata moto, mbaya zaidi ikiwa imetulia: hiyo si tabia ya plagi wala waya. Waya mbovu husumbua asubuhi ya ukungu na ikibebeshwa mzigo mlimani. Kabla hujanunua kingine chochote, tafuta silinda inayomisi. Injini ikiwa inawaka, chomoa soketi ya nozeli moja (kinachomwaga petroli silindani), sikiliza, rudisha, nenda inayofuata. Ile ambayo ukichomoa injini haishtuki, ndiyo haifanyi kazi. Usichomoe waya za plagi zikiwa na moto, unaweza kuua igniti, na kofi lake si la kawaida.

Mkuu wa injini used, karibu. Nikija kununua kwako utaniruhusu niweke betri na stata nipime kompresheni kabla ya kulipa?

#5 Injini_Used_Kaskazini

Inategemea.

#6 Mama_wa_Njiro

Mimi nimechoka kabisa jamani. Carina Ti, 5A, nimenunua Dar kwa mtu ninayemwamini, nimeendesha kule mwezi mzima bila tatizo, foleni ya Mbagala na Tazara yote. Nimehamia Arusha kikazi. Nikipanda kutoka Sanawari kwenda Ilboru jioni, mshale wa joto unapanda, halafu maji yanafurika kwenye kopo la akiba mpaka yanamwagika. Nikiliacha likapoa linarudi sawa. Fundi kasema gasketi ya hedi, hedi ichongwe, na kwa sababu ameshafungua, tupitie na ringi. Ninachojiuliza, gasketi imeungua lini kama Dar lilikuwa zima?

#7 Dizeli_Tupu

Petroli hizo. Njoo upande wa 1HZ, dizeli ya Land Cruiser, upumzike.

#8 Kamshafti

Mama wa Njiro, swali lako la mwisho ndilo la kifundi kuliko yote aliyosema fundi. Usifungue hedi. Kwanza nikuulize: kwenye rejeta unaweka maji matupu au kuleti (dawa ya rejeta)? Na mfuniko wa rejeta ni ule ulionunua nao gari?

Nitakwambia ninachoshuku wakati unatafuta jibu. Dar maji ya wazi yanachemka nyuzi 100. Hapa Arusha yanachemka kwenye 95 hivi. Feni ya Carina yako imepangwa kuwaka joto likifika karibu nyuzi 93. Ona nafasi iliyobaki. Mfuniko wa rejeta kazi yake si kuziba tu, una springi inayoshikilia presha ya karibu kilo 0.9 kwa sentimita mraba, na presha hiyo ndiyo inayozuia maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Raba ya mfuniko ikifa, au springi ikilegea, rejeta inakuwa sufuria isiyo na kifuniko. Dar uliokolewa na zile nyuzi tano. Hapa feni inaanza kuzunguka maji yakiwa yameshataka kuchemka, na mlima unamalizia.

Na kama ni maji matupu, kosa linaongezeka. Kuleti inapandisha kiwango cha kuchemka, inazuia na kutu ndani ya injini.

Sasa gasketi tunaipima hivi, gari likiwa limelala usiku kucha, baridi. Nasisitiza baridi, mfuniko wa rejeta ya moto umechoma nyuso za watu. Fungua mfuniko, jaza maji mpaka juu, piga stata. Angalia. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki. Mapovu yasiyokwisha, yanayoongezeka ukipiga resi, yenye harufu ya ekzosi, hiyo ni gasketi au hedi imepasuka. Halafu funga, washa upya, baada ya dakika moja shika hozi ya juu ya rejeta. Ikiwa imekakamaa kama jiwe na maji bado ni ya baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Chomoa kijiti cha oili, tazama na mfuniko wa kujazia oili. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti, maji yamepita. Utelezi mweupe kidogo kwenye mfuniko peke yake usikutishe, wenye safari fupi fupi asubuhi za Julai wote wanao.

Zipo gereji zenye kichupa cha dawa ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta. Gesi ya injini ikipita, bluu inageuka njano. Ukikipata, ndiyo hakimu wa mwisho.

#9 Mangi_wa_Kiboriloni

Mkuu Kamshafti asante. Noah SR40, 3S-FE, otomatiki. Nguvu ipo, haimisi, lakini inakunywa petroli hatari na ekzosi ina masizi meusi. Nikienda Marangu na kurudi ni aibu kusema. Nimebadilisha sensa ya oksijeni, nimebadilisha sensa ya joto, hakuna kilichobadilika. Nimesoma taa kwa waya leo mchana, inapepesa tu, hakuna kodi. Na kituo ninachojazia ni kile kile miaka yote, kwa hiyo tusisingizie mafuta.

#10 chalii_wa_sakina

Mzee nimesoma kodi, hakuna. Nimechomoa nozeli moja moja. Ya tatu haishtuki kabisa.

Mangi, hata mafuta yana vinasaba vya serikali tangu 2010, siku hizi kuchakachua ni shida.

#11 Mangi_wa_Kiboriloni

Shida kwa nani, chalii.

#12 Kamshafti

Tuanze na Mangi. Sensa ulizobadilisha ulipima za zamani kabla ya kuzitupa? Sensa ya joto la maji ya Toyota hizi inapimwa kwa mita ya kawaida ya umeme: ikiwa kwenye nyuzi 20 isome kilo-omu 2 hadi 3, ikiwa kwenye nyuzi 80 isome 0.2 hadi 0.4. Sufuria, jiko, kipimajoto, umemaliza. Mimi mtu akiniambia "nimebadilisha" bila "nilipima", nahesabu kwamba bado hatujui kitu, maana sensa mpya za dukani nazo nyingine zinazaliwa wagonjwa.

Lakini kwako naona njia nyingine. Kesho asubuhi washa gari likiwa baridi, shika hozi ya juu ya rejeta. Kawaida inabaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu ghafla inapata moto, hapo thamostati (kivalvu kinachozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto) imefunguka, kwenye nyuzi 82 hivi. Kama inaanza kupata uvuguvugu taratibu tangu dakika ya kwanza, thamostati imekwama wazi au haipo. Mara nyingi kuna fundi aliitoa.

Huu ni ugonjwa wa Afrika Mashariki nzima. Gari linachemsha, fundi anatoa thamostati, linaacha kuchemsha, anaonekana bingwa. Injini haifiki tena joto lake. Sensa ya joto iko nzima na inasema ukweli, "bado baridi", na kontroli boksi inaendelea kumwaga petroli ya asubuhi mchana kutwa. Hakuna kodi kwa sababu hakuna sensa iliyokosea. Ukipanda Marangu unakuta hali ya hewa imesaidia kulipoza zaidi. Na oili isiyopata moto haikaushi maji yake, inageuka tope.

Ukikuta haipo, usiirudishe tu. Jiulize kwa nini ilitolewa. Rejeta imeziba? Feni haiwaki? Kilichokuwa kinachemsha kipo bado mahali.

Chalii, silinda ya tatu. Sasa ndio unapima kompresheni, zote nne, kwa adabu niliyoandika juu. Lete namba nne. Na zile za kijiko cha oili.

#13 Mwalimu_Mstaafu_Rau

Nashukuru kwa elimu. Nina Mark II ya GX100, 1G-FE. Haichemshi, haimisi, ila inatoa moshi wa bluu. Mafundi wawili, majibu mawili. Mmoja kasema ringi, mwingine kasema sili za valvu. Tofauti ya gharama ni kubwa. Nitajuaje nani mkweli kabla sijafungua?

#14 Kamshafti

Shikamoo Mwalimu. Wewe una maabara ya bure mlangoni. Panda mpaka getini Marangu, kule ni karibu mita 1,900. Wakati wa kushuka kuja Himo, weka gia ya chini, usikanyage mafuta, acha injini ishikilie gari kwa mteremko mrefu. Ukifika pa tambarare kanyaga kwa nguvu, na mtu aliye nyuma atazame ekzosi.

Mteremkoni mlango wa hewa umefungwa, injini inavuta kwa nguvu sana, na sili zilizokufa zinaruhusu oili kunyonywa kupitia miguu ya valvu. Inajikusanya. Ukikanyaga inatoka wingu moja kubwa la bluu, kisha inasafika. Hizo ni sili. Dalili yake nyingine ni moshi wa bluu asubuhi ukiwasha, sekunde chache, basi. Ringi zina tabia tofauti: moshi unatoka wakati wa kupanda, injini ikiwa na mzigo, na hauachi. Tena ukifungua mfuniko wa oili injini ikiwaka utaona inapumua kwa nguvu.

Sili zinabadilishwa bila kushusha injini. Na kabla ya yote hayo, kagua kile kivalvu kidogo cha kupumulia kwenye kava la valvu. Kikiziba, oili inakimbilia kwenye hewa inayoingia, moshi unatoka ule ule, na kipuri chake ni kidogo kama kidole. Kitikise, kinapaswa kulia chaka chaka.

#15 Dizeli_Tupu

Sawa, nami nichangie maana mnanidharau. Cruza (Land Cruiser) za watalii zikipanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, zile za zamani zisizo na tabo (turbo) zinatoa moshi mweusi, na zikifika ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita kama 2,300, zinazidi. Watu wanakimbilia kubadilisha nozeli. Pampu ya dizeli ya zamani inamwaga mafuta yale yale, hewa ndiyo imepungua. Baadhi ya 1HZ zilikuja na kifaa cha kupunguza dizeli kulingana na mwinuko. Gari likitoa moshi mweusi Mto wa Mbu kwenyewe, kwenye tambarare, hapo ndio twende kwa fundi wa pampu.

#16 Kamshafti

Mchango mzuri kuliko ule wa kwanza. Na hata petroli wenye kabureta ni hivyo hivyo. Pikapu iliyotyuniwa kabureta Tanga itaongeza ulaji hapa, mpaka ityuniwe upya.

#17 Mama_wa_Njiro

Nimerudi. Maji ni matupu, ya bombani, niliambiwa kuleti ni ya Wazungu. Nimefanya vile ulivyosema asubuhi gari likiwa baridi, kaka yangu akipiga resi. Mapovu matatu manne mwanzoni, kisha kimya. Hozi laini. Oili nyeusi ya kawaida. Mfuniko wa rejeta, raba yake ilibaki mkononi vipande vipande.

Nikamwonyesha fundi. Kasema mfuniko ni mfuniko tu.

#18 Kamshafti

Nunua mfuniko wenye 0.9 juu yake, usichukue wa 1.1 kwa kudhani zaidi ni bora, rejeta yako ni ya zamani na matenki ya plastiki yatapasuka. Maji ya kutu yamwagwe mpaka yatoke meupe, weka kuleti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Likiwa limesimama nyumbani, AC imezimwa, acha lipate moto mpaka uone feni inajiwasha yenyewe na kujizima yenyewe. Usiende Ilboru kabla ya kuiona feni kwa macho yako. Isipojiwasha, tuna kazi nyingine kwenye swichi ya joto au rilei.

#19 Mangi_wa_Kiboriloni

Thamostati haipo. Nyumba yake ipo, gasketi ipo, yenyewe haipo. Nimempigia aliyeniuzia gari akacheka.

Rejeta nimeitoa, nimemwaga maji juu, chini yanatoka kwa huruma. Imeziba nusu. Naipeleka kuzibuliwa kwanza, halafu thamostati.

#20 Kamshafti

Mangi umekwenda sawasawa. Baada ya hapo jaza tenki, andika kilomita, jaza tena. Sitaki kusikia "naona imepungua".

#21 Mama_wa_Njiro

Mfuniko mpya, kuleti, feni nimeiona ikiwaka na kuzima. Jana nimepanda Ilboru saa kumi na mbili jioni foleni imejaa, AC imewashwa. Mshale uko chini ya nusu. Fundi anauliza kama nitamletea hedi Jumatatu au Jumanne.

#22 Injini_Used_Kaskazini

Hahaha. Dada mwambie anitafute mimi.

#23 chalii_wa_sakina

Namba hizi hapa mzee. Injini ya moto, plagi zote nje, pedali chini, betri nimeazima ya jirani. 154, 156, 112, 153. Nimeweka kijiko cha oili silinda ya tatu, imekuja 115. Fundi alikuwepo, kasema hata hizo 150 na kitu ni ndogo, nifanye yote. Nimemwonyesha posti yako ya kwanza akasema Arusha na Dar petroli ni ile ile.

#24 Kamshafti

Petroli ni ile ile, hewa siyo.

Silinda tatu zako ziko juu sana ya 121 na zinalingana. Ringi za injini hiyo ziache zipumzike. Ya tatu oili haikuinyanyua, kwa hiyo si ringi. Jirani zake, ya pili na ya nne, ziko sawa, na hujasema gari linapoteza maji, kwa hiyo gasketi naiweka pembeni. Inabaki valvu. Na tabia yako ya "baridi nzuri, moto mbaya" inaelekeza kwenye valvu ya ekzosi iliyobana.

5A-FE haina tapeti za kujirekebisha zenyewe. Ina vikombe na shimu (visahani vya chuma) juu yake. Miaka inavyokwenda, valvu ya ekzosi inakula kiti chake, inapanda juu, nafasi iliyokuwepo kati ya kamu (inayosukuma valvu) na shimu inapungua. Chuma kikipata moto kinarefuka, nafasi inaisha, valvu haifungi tena sawasawa. Asubuhi inafunga, mchana inavuja. Ukiiacha hivyo itaungua kweli, na hapo hedi itafunguliwa kwa haki.

Gari lilale usiku. Fungua kava la valvu, zungusha injini kwa mkono mpaka ncha ya kamu ya valvu unayopima itazame juu, ingiza fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Za kuingiza hewa ziwe kati ya 0.15 na 0.25 mm. Za ekzosi zina nafasi kubwa kidogo, fundi afuate kitabu cha injini yako, ila zikiwa chini ya 0.20 zimebana. Pima zote kumi na sita, ziandike kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote.

#25 chalii_wa_sakina

Nimepata fundi mwingine mwenye fila geji na mikromita. Za kuingiza zote zipo ndani. Ekzosi nyingi 0.24 mpaka 0.27. Silinda ya tatu, moja ni 0.22, nyingine ile geji nyembamba kabisa ya 0.05 inapita kwa shida.

#26 Kamshafti

Huyo hapo. Shimu itolewe, ipimwe unene kwa mikromita, itafutwe nyembamba zaidi kwa tofauti inayohitajika. Kama duka halina, ipo njia ya kuchonga shimu kwa mashine ya kusagia bapa. Asiifanye kwa jiwe la mkono, itaharibika baada ya wiki. Na upande uliochongwa utazame chini. Hiyo ya 0.22 iangalieni kwenye kitabu mkiwa mmeshafungua, msije mkarudi.

Kisha kompresheni tena, hiyo silinda moja tu.

#27 chalii_wa_sakina

Imepata shimu kwenye injini mbovu ya mtu, imekaa 0.27. Silinda ya tatu imesoma 141. Sailensi imetulia, kioo hakichezi. Wikiendi nataka kwenda Moshi msibani na kurudi, inafaa?

#28 Kamshafti

Poleni na msiba. 141 dhidi ya 156 bado ni tofauti ya 15, imezidi kidogo, lakini valvu iliyokuwa haifungi vizuri ina kaboni kitini na inajisafisha ikifanya kazi. Nenda Moshi, usiivute sana mpaka upite Usa River. Ukirudi ipime tena ikiwa ya moto. Ikipita 145 tumemaliza, ikishuka leta namba hapa.